Eedo Anataka Katoni Nzima

Mpendwa Mama Qali, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu ninaandika nikiwa nimejifungia jikoni na kila geti likigongwa naificha karatasi hii. Jina langu usilitaje, niite Idil. Nimeolewa hapa Garissa, mtaa wa Iftin, mume wangu tumwite Abdiwahid, anafanya kazi ofisini, ni mtu mpole na mcha Mungu, na mama yake, Hooyo Osob, anakaa nyumba iliyoshikana na yetu, akikohoa namsikia, kwa hiyo hata kulia ninalia kimya.

Mimi napenda wageni, Mama Qali, hilo ndilo lililonifikisha hapa. Mgeni akiingia kwetu chai ni lazima, na sambusa, na halwa, lakini nilichoka kuwa mke wa chai kama wake wengine wote wa mtaa huu, basi nikawa naangalia video kwenye simu za watu wanaomimina vinywaji katika vigilasi vidogo, rangi moja juu ya nyingine, wanapitisha kwenye mgongo wa kijiko polepole mpaka glasi inakuwa na tabaka tatu na hakuna inayoingia kwa mwenzake. Nilijua wanachomimina ni pombe, zile pombe zao tamu, mimi si mtoto, lakini nilijiambia siri yao si pombe, siri ni sukari, kilicho kitamu zaidi kinakaa chini na kilicho chepesi kinaelea, na sukari ni halali. Nikaanza kujaribu. Chini sharubati nyekundu isiyotiwa maji, katikati kahawa niliyoichemsha na sukari na tende, juu krimu ya kopo. Wanawake wakapenda mpaka wakawa wanakuja na jirani zao kuona, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nasimama mlangoni na sinia nikisubiri waseme mashallah.

Tatizo langu lilikuwa ni ile kahawa. Kila nikimimina inazama kwenye nyekundu, tabaka zinakuwa matope, wakati kwenye video ile nyeusi inang'aa kama kioo. Nina rafiki yangu, Samsam, tulisoma pamoja, sasa anakaa Nairobi, nikamtumia video ile nikamwambia walaal, dada yangu, nitafutie hii nyeusi ya kahawa, hii hii, shemeji yangu Hanad anaoa na wageni wetu wakubwa wanakuja. Samsam akaituma kwa basi, chupa nzuri ya kahawia, nzito, ina picha ya buni na maandishi ya lugha nisiyoijua. Wallahi sikuwa na shaka hata kidogo. Samsam ni dada yetu, anafunga, anaswali, kilichotoka mkononi mwake nilikiona halali kabla sijakisoma. Ninaogopa kukuandikia haya kwa sababu hata mimi nikiyasoma naona ujinga wangu.

Siku ya wageni nilikuwa nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani, kwa hiyo sikuonja. Siku nyingine nikiwa nimefunga humwita mtoto wa jirani aonje chumvi, lakini kitu kitamu hivi nilijua ataonja glasi tano, basi nikamimina tu. Harufu niliisikia, Mama Qali, sikufichi. Nikasema ni esensi, kama ile ya vanila tunayotia kwenye keki. Na ile nyeusi ikakaa juu ya nyekundu vizuri sana, haikutetemeka, nikatia krimu juu, nikatazama sinia langu nikafurahi kama mjinga.

Mgeni mkubwa alikuwa Eedo Safiyo. Huyu ni shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu baba yake, ametoka Elwak kuja kwa harusi na kutibiwa magoti, ameshahiji, ana duka lake huko la subag, samli yetu, na nguo, na ni mtu ambaye akiingia chumbani hata wanaume wanakaa vizuri. Ana ugonjwa wa sukari na anameza vidonge, lakini sukari yenyewe hajawahi kuiacha. Hooyo Osob alikuwepo, na wanawake wachache wa jirani. Eedo akanywa glasi ya kwanza akafumba macho. Akaomba ya pili. Akachukua na ya Hooyo Osob, ambaye alionja kidogo tu akasema inamkwaruza koo. Halafu Eedo akaanza kucheka, akatusimulia habari za mume wake wa kwanza ambazo siwezi kuziandika hapa, na wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu, na alipoinuka kwenda kutawadha alikwenda bila fimbo. Wote wakaona. Wakasema Idil ana mkono wa baraka. Kisha wakatandika mikeka wakaswali Alasiri chumbani kwangu, na mimi nimesimama safu moja nao.

Magharibi nikafungua kwa tende, halafu nikachukua glasi moja iliyobaki. Ulimi ukawaka. Koo likawaka. Nikajua papo hapo, ingawa sijawahi kuonja kitu kile maishani mwangu. Nikachukua chupa nikaielekeza kwenye taa, nikaona kule nyuma herufi ndogo sana na alama ya asilimia, nikakaa sakafuni. Nilitapika, nikamwaga iliyobaki chooni, nikachoma karatasi ya chupa, lakini chupa yenyewe nimeshindwa kuitupa kwa sababu chupa nzuri kama ile haitupiki Iftin, mtu ataiokota aioshe aweke subag, na kesho nitaikuta mezani kwa jirani. Nimeifukia ndani ya pipa la unga. Kila nikikanda anjera mkono wangu unaigusa.

Nilimpigia Samsam nikimlilia. Akasema, "Si wewe ulitaka ya kwenye video? Mimi nilidhani unajua, nikasema labda ni ya wageni wa ofisi ya bwana yako. Sasa nyamaza, walaal. Hakuna mtu amekufa."

Ningeweza kunyamaza, Mama Qali, ningejaribu, lakini Eedo hanyamazi. Asubuhi iliyofuata alinitumia salamu niende, nikamkuta amenyoosha miguu kwenye mkeka, akaniambia (kwetu unayemwita eedo naye hukuita eedo hivyo hivyo), "Eedo, ile kitu yako iko na dawa. Magoti yangu imebata nafuu. Nibatie ingine."

Nikarudi mbio nikachemsha kahawa na tangawizi nyingi ili iwashe, nikampelekea. Akaonja kidogo, akaiweka chini. "Hii ni ya watoto," akasema. "Mimi nataka ile inaingia mbaka kwa mfuba."

Nikamwambia imekwisha. Akasema basi ataagiza. Siku ile Hooyo Osob alikuwa amepiga picha ya sinia kwa simu, na chupa ilikuwa dirishani nyuma ya glasi, mimi sikuiona, sasa Eedo ameichukua picha ile ameituma kwa mtoto wake Bishar, dereva wa lori la mizigo, anayepakia Nairobi kuleta huku. Amemwambia amletee katoni nzima. Anasema nyingine atakunywa yeye kila asubuhi kabla ya chai, nyingine tutaiweka kwenye shaash saar, siku ya wanawake kumvika bi harusi kitambaa, na inayobaki atakwenda nayo dukani Elwak awauzie wanawake wenzake wenye magoti. Ananiambia haya akiwa amenishika mkono na kunifanyia dua. Dua ile inanitisha kuliko tusi.

Sasa niambie nifanye nini. Bishar anasoma, atalijua jambo mara moja, au atamwonyesha picha mwenye duka ambaye ni mtu wa dini, naye atamwuliza hii chupa mama yako ameijulia wapi. Au hatajua, atanunua mahali popote, na barabara hiyo unaijua, askari wa kizuizini wanafungua kila katoni, wataikuta pombe na jina la hajjiya wa Elwak juu yake. Au itafika, na Eedo atakunywa kila asubuhi na vidonge vyake vya sukari, na hapo silali. Nikisema, naogopa talaka. Naogopa uso wa Abdiwahid kuliko talaka yenyewe. Naogopa Hooyo Osob ataniambia swala zao zimebatilika kwa ajili yangu, maana tumesikia tangu utotoni kwamba anayekunywa haikubaliwi swala yake siku arobaini. Na zaidi ya yote naogopa habaar, laana ya mtu mzima, mimi bado sina mtoto, na Eedo akiinua mkono wake akaniapiza sijui nitakimbilia wapi. Bishar anaanza safari ya kurudi wiki hii. Ninyamaze, au niseme? Na nikisema, nimwambie nani kwanza?

Ni mimi mwenye hofu,
Idil wa Iftin.


MAMA QALI ANAJIBU

Idil, weka barua chini kidogo uchukue simu. Mpigie Bishar sasa hivi, kabla hujasoma mstari mwingine. Mwambie hivi: "Bishar, usinunue ile kitu ya kwenye picha, ina pombe. Kosa ni langu, mama hakujua. Usimwambie, nitamwambia mimi mwenyewe leo." Maneno hayo yanatosha. Dereva wa barabara ile anajua katoni kama hiyo ingemgharimu nini, atakushukuru kabla hajakasirika.

Umempigia? Haya, tuendelee.

Pole, binti yangu. Nimesoma barua yako mara mbili na nimekuona pale sakafuni na chupa mkononi, na nimekuonea huruma ya kweli. Hukukusudia kumnywesha mtu pombe, na hakuna mwenye akili atakayesema ulikusudia. Lakini huruma yangu isikulaze. Ulisikia harufu ukaipa jina la vanila. Ulimtumia Samsam video ya pombe ukamwambia "hii hii", akakuletea hii hii, sasa unamlilia kwenye simu. Samsam ana lake la kujibu kwa kukufundisha kunyamaza, ila chupa alikuletea uliyoiagiza. Na hayo yote uliyafanya kwa ajili ya mashallah ya mlangoni. Sisi wanawake tunaopenda wageni tuna ugonjwa huu, nami ninao, ninajua dalili zake.

Kuhusu swala za wale wanawake, mimi si sheikh na ukurasa huu si msikiti. Mwombe Abdiwahid amwulize sheikh mnayemwamini. Nilichokisikia mimi maisha yangu yote ni kwamba aliyekunywa bila kujua hana dhambi juu yake, na kama kuna cha kufanya watafundishwa. Lakini ili waulize, lazima kwanza wajue. Ukinyamaza umewafungia mlango huo, na ufunguo umeuzika kwenye unga.

Sasa nikutishe kidogo, maana naona unaogopa vitu vingi lakini unaogopa vibaya. Umeweka talaka mbele, uso wa bwana mbele, habaar mbele, na vidonge vya Eedo umevitaja katikati ya sentensi kama mtu anayepita. Hicho ndicho cha kuogopa. Mama mwenye sukari, anayemeza dawa, akinywa kileo kitamu asubuhi kabla hajala, anaweza kuanguka na msijue ameangukia nini. Daktari atauliza amekula nini, mtasema chai. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi si yako hata uyafiche. Na usidanganyike na yale magoti. Hayakupona. Yalikuwa yamelewa.

Umeniuliza umwambie nani kwanza. Mumeo, leo, akishakula. Usianze kwa kulia, ukianza kwa kulia atadhani kuna maiti, na akishajua hakuna atakasirika kwa kutishwa bure. Toa chupa kwenye unga, ifute, iweke mbele yake, mweleze kama ulivyonieleza mimi, na ile ya harufu usiiruke. Atainuka kwenda kutawadha. Mwache aende. Umesema ni mpole na mcha Mungu, basi mpe nafasi ya kuwa hivyo, kwa sababu mpaka sasa umemhukumu kwa talaka ambayo hajaitamka. Akishapata pumzi mwambie, "Twende kwa Eedo, nataka nimwambie mwenyewe, wewe uwe karibu tu."

Usipitie kwa Hooyo Osob kwanza. Najua anakaa karibu na ni mama mkwe, na atahisi amerukwa. Lakini aliyekunywa glasi tatu ni Eedo, na aliyeiita dawa ni Eedo, na heshima yake ndiyo iko kwenye simu ya dereva. Habari hii asiisikie kwa mtu mwingine hata kwa dakika moja. Kaa chini kwenye mkeka wake, usisimame juu yake. Mwambie: "Eedo, ile niliyokupa siku ile ilikuwa na pombe. Sikujua. Nilijua jioni nilipofungua saumu. Tangu hapo nimeogopa, na woga wangu umekufanya uagize kitu usichokijua. Nisamehe." Kisha funga mdomo. Samsam asiingie katika maneno hayo, wala video, wala esensi.

Atakasirika. Anaweza kupaza sauti, na nyumba zenu zimeshikana, watasikia. Sikuahidi jioni nzuri. Lakini hii habaar unayoiogopa, nikuambie ninavyoiona mimi niliyekaa na watu wazima wa huku miaka mingi. Mtu mzima huapiza aliyemfanya mjinga. Leo Eedo ni mtu aliyekosewa na mke wa mtoto wa kaka yake, jambo la ndani ya nyumba. Siku chupa ile itakapotambuliwa Elwak, juu ya rafu ya duka lake, mbele ya wateja wake, atakuwa hajjiya aliyeuza pombe, na atakumbuka ni nani aliyeshikwa mkono akamwacha amfanyie dua. Hapo mimi mwenyewe ningeogopa kusimama karibu nawe.

Glasi za kwanza alizinywa na wewe hujui. Hizo mwachie Mungu, ndiye ajuaye nia. Tangu futari ile unajua. Chupa ya pili ikimfikia, kwa mkono wa Bishar au wa mtu yeyote, wewe ndiye utakayekuwa umemnywesha.

Ukishasamehewa, au hata kabla hujasamehewa, mpelekeni hospitali apimwe sukari, na daktari aambiwe wazi alichokunywa na kiasi chake. Ataona haya, kwa hiyo sema wewe. Na hayo magoti yaliyomleta Garissa yatazamwe safari hiyo hiyo, maana naona tangu afike ametibiwa na sinia lako tu. Hooyo Osob na wale jirani waambiwe na Eedo au mbele ya Eedo, kwa maneno atakayoyachagua yeye. Chupa ivunje, vipande vifukie, tumalize habari ya chupa.

Vigilasi vyako usivivunje. Siku ya shaash saar watu watakutazama, na ukijificha jikoni watajaza wenyewe wasichokijua. Toka na sinia. Kahawa yako inazama kwa sababu unaitia sukari karibu sawa na ile sharubati nyekundu, basi ipunguzie, iache ipoe kabisa, kisha uimimine kwenye mgongo wa kijiko bila haraka. Itakaa. Haitang'aa kama ile ya kwenye video, na ni afadhali. Na kama siku hiyo utakuwa umefunga, muulize sheikh huyo huyo, atakuambia mpishi anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Hukuwa na sababu ya kumimina kitu kinywani mwa watu bila ulimi wako kukijua.

Eedo mwenyewe usimpe za tabaka. Bila sukari tabaka hazisimami, na sukari yeye hapaswi. Mpelekee kahawa chungu na tangawizi, ndani ya kikombe cha kawaida. Atakitazama kikombe, halafu atakutazama wewe, na nyote wawili mtajua anachokifikiria. Sema bismillahi kwa sauti ya kusikika, unywe wewe kwanza, akuone ukimeza, ndipo umkabidhi.